Theluji niliyoitazama tangu utotoni, leo nimeishika

Nimerejea Zürich jioni hii, miguu imekufa ganzi, baada ya safari ya kuongozwa ya kutwa nzima kwenda Jungfraujoch, juu kwenye milima ya Alps hapa Uswisi, na kurudi.

Mimi ni mzaliwa wa Moshi. Tangu nikiwa mtoto nimekuwa nikiitazama theluji ya Kibo kutoka uani kwetu, kila mawingu yalipofunguka, lakini sikuwahi kuigusa.

Basi lilitufikisha Grindelwald, na hatimaye tukapanda treni inayopita katika handaki lililochongwa ndani ya milima ya Eiger na Mönch, hadi kituo kilicho mita 3,454 juu ya usawa wa bahari, ambacho kimekuwa kikipokea wageni tangu 1912. Kiongozi wetu alituonya tutembee polepole kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi. Nilimpuuza, na ngazi chache tu zikanitia adabu.

Nje, mto wa barafu wa Aletsch ukiwa umetandaa mbele yangu, nilivua glavu na kuchota theluji kwa mkono mtupu.

Ililia.

Nilipoifinya ilitoa mlio mkavu, mfano wa unga wa muhogo unaofinywa kiganjani, kisha vidole vikaniuma kana kwamba nimeshika kaa la moto.

Nilimpigia mama simu ya video nimwonyeshe. Kabla hata hajaitazama, aliuliza kama nimevaa soksi mbili.

Ndugu zangu wa Moshi, ni nani kati yenu amewahi kuishika ile ya kwetu? Nisimulieni, nayo hulia?