Nilivyopata masaa yangu mawili ya kunyonyesha kazini

Mi nafundisha chuo kimoja hapa Tanga na pia niko ofisi ya mitihani. Watu wakisikia mama kajifungua wanaulizia likizo, ila likizo wala haikunisumbua, siku 84 na mshahara unaingia, mapacha ni 100, unapeleka taarifa miezi mitatu kabla na cheti cha daktari, imeisha. Kasheshe ni ukirudi. Mi nilitoka mapema kabla ya kujifungua maana miguu ilikuwa imevimba, na siku zinahesabiwa toka ulipotoka, kwa hiyo narudi kazini mtoto bado mdogo kabisa, kliniki wanasisitiza maziwa ya mama tu mpaka miezi sita, halafu nakuta ratiba imenipa kipindi asubuhi na kingine saa kumi na moja jioni kwa wale wanafunzi wanaotoka makazini.

Mkuu wa idara aliniambia we dada nenda tu ukanyonyeshe, tutaelewana. Sasa kuelewana kwa mdomo bwana, kukiwa na kikao unapigiwa simu uko wapi.

Ndo nikaandika barua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inampa anayenyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi, nikatoa kopi ya ukurasa ule nikaambatanisha. Sikuomba "nifikiriwe", nilitaja masaa kabisa: saa moja kati ya hayo mawili naunganisha na ya chakula mchana niwahi nyumbani Makorora, nyingine natoka mapema jioni. Na kile kipindi cha jioni nilishamtafutia mtu kabla sijapeleka barua, kaka mmoja wa idara yetu akakichukua, mi nikambebea kusahihisha testi zake (zilikuwa nyingi jamani, na mwandiko wa wale watoto Mungu anajua). Nakala kwa afisa utumishi na tawi la chama cha wafanyakazi.

Jibu lilichelewa ila likaja, nimekubaliwa, isipokuwa wiki za mitihani nisitoke mpaka karatasi zikusanywe. Nikakubali, mama mkwe akawa anamleta mtoto na bajaji, namnyonyeshea stoo ya karatasi za mitihani, maboksi huku na huku, feni mbovu, na joto la Tanga mnalijua. Kuna mzee mmoja akasema eti nimepewa cheo cha kulala mchana, nikamwambia shikamoo nikapita zangu.

Mume wangu yeye kazini kwao walimpa zile siku tatu za sheria za likizo ya baba, sijui hata ziliishia wapi. Angalau mwaka 2025 wamerekebisha sheria, mama ukijifungua njiti unaongezewa likizo mpaka zile wiki 40 za mimba zitimie.

Barua yangu saa hizi dada wa maktaba kaichukua kabadilisha jina na masaa. Chumba cha kunyonyeshea ndo bado, tumeambiwa tusubiri bajeti.