Krusa za Wakati wa Daku

Ujumbe wa mkuu wa muungano wetu, kwenye mchezo wa intaneti wa vita vya sayari na meli za angani, ulikuwa wa mistari miwili: kufikia Jumapili, kila mtu awe ameshasema yeye ni nani. Mchimbaji, kobe, au mtu wa meli. Vita na majirani vilikuwa vinanukia, na hakuwataka tena watu wa huku na huku, wenye meli mbilimbili za kila aina na zisizotosha kwa lolote.

Mchezo wenyewe ni OGame, wa kampuni ya Gameforge ya Ujerumani, ulioanza mwaka 2002. Hauna milio ya risasi wala picha zinazokwenda. Ni kurasa za maandishi na tarakimu kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana ulichezeka hata kwenye saiba ya ami yangu pale Kibokoni, Mombasa, ambako ukifungua video unaweza kunywa chai ukaimaliza kabla haijaanza. Ilikuwa Ramadhani ya 2009. Mji mzima ulikuwa ukizungumzia nyaya za faiba zilizoletwa mwaka huo kupitia baharini, lakini sisi tulikuwa bado kwenye laini ya zamani. Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wateja baada ya tarawehe, kisha kulala humo humo kuchunga mashine.

Mchimbaji huweka mali yake yote kwenye migodi ya metali, kristali na deuteriamu, ndiyo mafuta ya meli, akaingia mchezoni asubuhi na jioni, basi. Kobe huijaza sayari yake mizinga akawasubiri wanaokuja. Mtu wa meli ndiye anayewawinda wote, na maisha yake ni ya tabu, kwa sababu meli zikiachwa zimeegeshwa huku mwenyewe amelala, atakuja mwingine kuzivunja. Kila anapokwenda kulala ni lazima azipe safari, ziwe njiani mpaka aamke.

Wazee wa muungano walinisukuma kwenye manowari. Ndiyo meli ya heshima: metali 45,000, kristali 15,000, na ikipiga inapiga kweli. Mimi nilichukua kitabu cha risiti cha ami, nikapiga hesabu nyuma ya karatasi. Majirani wetu wengi walikuwa wamerundika faita nyepesi, vimeli vidogo vya vita, kwa kuwa ni rahisi, metali 3,000 na kristali 1,000 tu. Krusa, meli ya kati baina ya faita na manowari, moja ni metali 20,000, kristali 7,000 na deuteriamu 2,000. Kwa hiyo faita 400 na krusa 60 zinakula metali ile ile, 1,200,000, na kristali karibu sawa. Lakini zikikutana, hakuna usawa hata kidogo. Krusa ikiilenga faita ina nafasi tano kati ya sita ya kupiga tena hapo hapo, na tena, na tena, ilhali faita hupiga risasi moja kwa raundi na kunyamaza. Niliziingiza namba hizo kwenye programu ya kuigiza vita. Faita zote ziliteketea, krusa zikatoka zima.

Hata hivyo, hesabu hiyo kila mtu angeweza kuifanya. Kilichoniamulia ni saa ya ukutani. Mashambulizi katika OGame hayafichwi: mwenye sayari anaona meli zako zinakuja, na dakika zinahesabiwa mbele ya macho yake. Akiwa macho, anaondoa kila kitu na wewe unafika kwenye sayari tupu. Anayelala ndiye anayeliwa. Sasa, saa kumi alfajiri Mombasa, watu wanapokula daku, Berlin ni saa tisa na London ni saa nane za usiku. Wazungu wote wako kwenye usingizi mzito, nami niko macho, nimeshiba, na adhana bado. Muda wenyewe ni mfupi, kwa hiyo nilihitaji meli ya mbio. Manowari ni nzito na inakunywa mafuta zaidi. Krusa huenda na kurudi kabla jua halijatoka.

Niliyemlenga alikuwa na faita 400 na ushei kwenye sayari moja, na alama ya uhai kwenye ramani ilikuwa imezimika tangu usiku wa manane. Nilianza na meli za skrepu, zinazookota mabaki ya vita. Hizo ni za polepole sana, safari yake ni mara tatu ya krusa, kwa hiyo zilitangulia. Uzuri wake ni kwamba mwenye sayari haonyeshwi kabisa kuwa zinakuja. Wakati huo asilimia 30 ya metali na kristali ya meli zilizovunjwa ilibaki ikielea, na kwa faita 400 hayo yalikuwa mabaki 480,000. Meli moja ya skrepu ilibeba 20,000. Nilituma 24, zifike sekunde chache tu baada ya vita, asije mwingine akaniokotea.

Ndipo ami akagonga mlango na sinia. Wali wa nazi, mchuzi wa samaki.

"Bado waendelea na meli zako?"

"Ndiyo, ami. Zaondoka sasa hivi."

"Zaleta nini hapa nyumbani?"

"Vyuma, ami."

Alicheka, akaketi kwenye kiti cha wateja. Hakwenda zake. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na mchuzi hadi kwenye vidole, kwa hiyo nikabonyeza kwa wa kushoto, panya likinikimbia huku na huku, na krusa 60 zikaondoka. Umeme ulikatika dakika tano baadaye. Ami alishtuka kuliko mimi. Nilimweleza kwamba meli ziko Ujerumani, hazijui kama Kibokoni kuna giza, tukaendelea kula kwa tochi ya simu.

Umeme uliporudi, ripoti ilikuwa imeshaingia: sikupoteza krusa hata moja, na skrepu zote zilikuwa njiani kurudi. Ami aliisoma mwenyewe kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine, kisha akauliza mbona huyu bwana hakuamka.

Adhuhuri yule bwana aliniandikia. Matusi kwanza, halafu akadai kuwa akaunti yangu inachezwa na watu wawili, jambo linalokatazwa, kwani ameniona saa tano za usiku na tena saa tisa, na angenishtaki. Nilimjibu ni Ramadhani. Hakuandika tena.

Jumapili mkuu aliandika mbele ya jina langu: krusa, zamu ya alfajiri. Aliuliza pia mwezi ukiisha nitaamkaje saa hizo. Nikamwambia msikiti wa jirani una spika mbili, na zote zinaelekea dirisha langu.