Kuisoma injini kwa simu: namba ninazoziangalia na pale zinapodanganya

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, mara nyingi tatizo limeshakaa siku kadhaa. Makosa mengi kontroli boksi (kompyuta ya injini) haiyawashii taa mpaka yajirudie safari mbili mfululizo. Kwa hiyo adapta ya kuchomeka kwenye gari siitumii kusoma kodi (namba za makosa) tu. Naitumia kuzijua namba za injini ikiwa nzima, ili siku ikianza kuumwa nione tofauti kabla ya taa.

Gari ninayoizungumzia ni Fielder yenye injini ya 1NZ-FE, cc 1,500, injini ile ile iliyojaa kwenye Probox, Premio na Allion za huku kwetu. Tundu la kuchomeka lina pini 16, nalo liko chini ya dashibodi karibu na goti la dereva. Ukiwa na Android, adapta ya Bluetooth ya kawaida inatosha. iPhone inataka ya Bluetooth 4.0 kwenda juu au ya WiFi, na hapo watu wengi hupoteza hela.

Kuhusu ubora: chipu ya asili ya ELM327, ile inayokaa ndani ya adapta hizi, ilitoka kampuni ya Kanada, na toleo la 1.5 halijawahi kuuzwa na kampuni hiyo. Ukiona kasha limeandikwa v1.5, ujue ni nakala. Nakala si lazima iwe mbaya. Yangu ni nakala na inafanya kazi, ila nilirudisha mbili kabla ya kuipata, zote zimeandikwa v2.1, zote zikiungana na simu vizuri kisha zinagoma kuongea na gari kwa sababu amri nyingi zimekatwa ndani. Nunua mahali pa kurudishia.

Kuunganisha: chomeka adapta swichi ikiwa imezimwa, kisha washa swichi mpaka ON. Kwenye simu, tafuta kifaa kwenye Bluetooth na uweke namba 1234 au 0000. Halafu ndani ya programu (natumia Torque, na Car Scanner kwa ajili ya kodi) chagua kifaa hicho kwenye mipangilio. Simu ikikubali na programu ikagoma, kwanza angalia kama kuna programu nyingine imeishika adapta, maana inaongea na moja tu kwa wakati. Za WiFi hutumia anwani 192.168.0.10 na mlango 35000, na zikiunganishwa usishangae intaneti ikikatika.

Kuna magari yatakayokataa kabisa hata adapta iwe nzuri. Toyota nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina tundu lile lile, lakini hazijibu kwa utaratibu uliolazimishwa Marekani tangu 1996. Kwenye Torque, ndani ya wasifu wa gari, kuna sehemu ya kuandika amri za kuanzia. Amri za ATIB 96 na ATIIA 13 hubadilisha kasi ya mazungumzo na anwani ya kugonga hodi, na ATSP4 huchagua njia ya laini ya K (waya wa mawasiliano wa mtindo wa zamani, wa polepole). Baadhi hufunguka hapo, nyingine hapana. Usikae saa tatu ukibadilisha adapta kabla ya kujaribu hilo.

Ikishaungana, usijaze skrini geji ishirini. Kwenye laini ya K data hutambaa, na kila geji unayoongeza inazichelewesha zilizobaki. Mimi naweka joto la maji, STFT na LTFT (asilimia za marekebisho ya mafuta, nitazieleza chini), hewa inayoingia kwa gramu kwa sekunde, na volti. Basi.

Joto la maji ndilo lenye faida kubwa, hasa kwa Vitz na Passo ambazo nyingi hazina geji, zina taa ya bluu na nyekundu tu. Nyekundu ikiwaka umeshachelewa. Hata zenye geji, mshale hukaa katikati kwa upana mkubwa wa joto bila kutikisika. Kwenye hii Fielder, barabara tambarare inasoma nyuzi 84 mpaka 90, kwenye foleni inapanda mpaka karibu 95, feni inawaka, inashuka. Ikifika 95 feni isiwake, naangalia fyuzi na rilei kabla ya kulaumu rejeta. Ikibaki 70 barabara kuu, thamostati (valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) imekwama wazi au mtu aliing'oa (huku kwetu mafundi wanaipenda sana kazi hiyo), na injini itakuwa inakunywa mafuta kwa sababu inadhani bado ni ya baridi.

Sasa pale namba inapodanganya. Sensa ya joto inapima vizuri ikiwa imezama majini. Maji yakiisha, inabaki kwenye mvuke na hewa, na inaweza kusoma chini ya ukweli. Ukiwa unapanda Kitonga, namba iko 102, kisha ghafla ikaanguka mpaka 80 bila kupunguza mwendo, hiyo si nafuu. Simama pembeni, zima, na usifungue mfuniko wa rejeta mpaka ipoe.

STFT na LTFT ndizo zinazokuonyesha hewa na mafuta. Ya kwanza ni marekebisho ya papo hapo, ya pili ni yale ambayo kontroli boksi imeyazoea. Alama ya jumlisha maana yake inaongeza petroli kwa kuwa inaona hewa nyingi. Ya kutoa, inapunguza. Jumlisha zote mbili: ndani ya asilimia 10 juu au chini, sihangaiki. Pima injini ikiwa ya moto, sailensa kwanza (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta), halafu shikilia mizunguko 2,500.

Mfano niliouhifadhi: kwenye sailensa STFT +6, LTFT +17, jumla 23. Kwenye 2,500 jumla ikashuka hadi 7. Tofauti hiyo inasema hewa inaibiwa baada ya sensa ya hewa. Tundu dogo linaingiza kiasi kile kile cha hewa, ila kwenye sailensa hewa halali ni kidogo (gramu 2 hivi kwa sekunde), kwa hiyo ya wizi inaonekana kubwa. Nilichukua chupa ya kunyunyizia maji ya kawaida, siyo kemikali inayowaka, nikalowesha mipira mmoja mmoja injini ikinguruma. Nilipofika kwenye mpira mfupi unaotoka kwenye kava ya valvu kwenda manifodi, STFT iliporomoka kwa sekunde chache kisha ikarudi. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka upande wa chini, usioonekana mpaka uukunje. Baada ya kuubadilisha, LTFT ilishuka taratibu kwa siku kama nne mpaka +2.

Ikiwa kinyume chake, sailensa nzuri na jumla inapanda ukikanyaga mlimani, usitafute mpira. Hapo ni pampu ya mafuta, filta, au sensa ya hewa iliyochafuka. Sensa hiyo ina skrubu mbili. Inyunyizie dawa yake maalumu, iache ikauke, na usiguse nyaya zake kwa kidole wala kitambaa.

Volti: injini ikiwaka nataka 13.8 hadi 14.4. Ila adapta za bei rahisi hukosea, kwa hiyo linganisha mara moja na mita kwenye betri.

Usiiache adapta imechomekwa gari ikilala. Pini ya 16 ina umeme muda wote, na adapta isiyolala ikila miliampia 45 inamaliza karibu ampia-saa 1 kwa siku. Betri ndogo ya NS40 iliyozeeka, wiki mbili uwanja wa ndege, hutawasha.

Na kabla ya kubonyeza kitufe cha kufuta kodi, piga picha ya skrini ya kodi na ya ile picha ya hali ya injini iliyohifadhiwa kosa lilipotokea: joto, mizunguko, mzigo. Ukifuta, vyote vinaondoka pamoja na LTFT, na fundi atakayeipokea gari ataanza sifuri.