Athens hadi Samos: Kwa Wanafalaki wa Kale

Treni ya kutoka uwanja wa ndege ilinishusha Monastiraki pamoja na umati wa watalii, na karibu wote wakashika njia ya Akropolis. Mimi nikakata kuelekea soko la kale la Kirumi. Nimefundisha fizikia miaka mingi, na majina ya wanafalaki wa Kigiriki Hipparchus na Aristarchus nimeyaandika sana ubaoni. Sasa nilitaka kukanyaga kwao.

Mnara wa Pepo, hapo sokoni, ni jengo la marumaru lenye pande 8, kimo chake kama mita 12, kazi ya Andronicus wa Kyrrhos. Juu ya kila upande umechongwa upepo mmoja kwa umbo la mtu mwenye mabawa. Boreas wa kaskazini ni mzee wa ndevu, kajitanda joho zito, kashika kombe la baharini. Zephyros wa magharibi kabeba maua kwenye nguo yake. Mtu wa pwani aliyekua akipanga mambo yake kwa kaskazi na kusi hahitaji mwongozaji hapo. Kilichonishika mimi ni kile kilicho chini ya pepo hizo: mistari hafifu iliyochanjwa ukutani, ambayo ukipita haraka huioni. Hizo ni saa za jua. Ndani palikuwa na saa ya maji, kwa ajili ya usiku na siku za mawingu.

Jioni nikapanda kilima cha Pnyx, walikokutania raia wa Athens kupiga kura. Hapo ndipo mwanafalaki Meton alipoweka kifaa chake cha kufuatilia jua, mwaka 432 K.K. Yamebaki mawe ya msingi tu, na wengi huyapita wakitafuta pa kupigia picha. Meton ndiye aliyewapa Wagiriki hesabu kwamba miaka 19 ya jua inalingana, kwa tofauti ya saa chache tu, na miandamo 235 ya mwezi. Wababeli nao walikuwa nayo. Wagiriki walichota sana kwao, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Kesho yake niliitenga kwa Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia. Sanamu za dhahabu na marumaru nilizipita mbiombio, wataalamu wake wanisamehe, nikaenda moja kwa moja kwenye kabati la kioo lenye mtambo wa Antikythera. Kwa mbali unaweza kudhani ni bonge la kutu. Sogea. Katika kipande kikubwa kuna gurudumu la shaba lenye mikono minne iliyopishana kama msalaba, na pembeni yake meno madogo ya pembetatu, yamepangika kwa usawa ambao hata kutu ya miaka karibu 2,000 chini ya bahari haikuufuta.

Wazamiaji wa sponji ndio walioikuta meli iliyozama na mtambo huo karibu na kisiwa cha Antikythera, mwaka 1900. Gia zenyewe zilitambuliwa mwaka 1902, na ilichukua miongo mingi, pamoja na eksirei, mpaka kazi ya mtambo ieleweke. Ulikuwa ukizungushwa kwa mkono, na mishale yake ikaonyesha mahali pa jua na mwezi, kalenda ya miaka 19 ya akina Meton, na miezi ambayo jua au mwezi ungeweza kupatwa. Mojawapo ya gia zake ina meno 223, kwa kuwa baada ya miandamo 223 mtiririko wa kupatwa hujirudia.

Nilikaa muda mrefu kwenye mifano mipya iliyoundwa kuonyesha ulivyofanya kazi. Mwezi haupiti angani kwa mwendo mmoja. Kuna siku unakaza na siku unalegea. Fundi aliyeuunda mtambo alilitatua hilo kwa gia mbili ambazo vitovu vyake vimeachana kidogo, moja ikiwa na pini inayoteleza kwenye mfereji wa mwenzake. Ikizunguka sawasawa hii, ile inakwenda kwa kasi inayopanda na kushuka. Hayo ni mahesabu ya aina aliyoyafanya Hipparchus kule kisiwani Rhodes katika karne ya 2 K.K., yamegeuzwa kuwa shaba ya kushikika mkononi.

Samos nilifika kwa ndege. Uwanja wake una jina la Aristarchus, aliyezaliwa kisiwani humo yapata mwaka 310 K.K. Huyu alisema: mwezi ukiwa nusu kamili, jua, mwezi na dunia hufanya pembe mraba. Pima pembe kati ya jua na mwezi, utajua jua liko mbali mara ngapi kuliko mwezi. Yeye aliweka nyuzi 87, akapata kati ya mara 18 na 20. Pembe halisi inakaribia 89.9, na jibu ni karibu mara 400. Mantiki haina doa. Tatizo ni kwamba jicho haliwezi kukata ni saa ngapi hasa mwezi umekuwa nusu. Hata hivyo alijua jua ni kubwa kuliko dunia, na nadhani hapo ndipo alipopata ujasiri wa kuliweka jua katikati, dunia ikilizunguka. Wakauliza: mbona nyota hazionekani kuhama dunia ikitembea? Akajibu ziko mbali mno. Uthibitisho ulipatikana mwaka 1838, mwanafalaki Bessel alipopima mhamo huo. Kitabu cha Aristarchus chenye wazo la jua katikati kimepotea. Tunalijua kupitia kwa mwanahisabati Archimedes.

Nilimweleza hayo mwenye mgahawa pale bandarini Pythagoreio, mji ulioitwa Tigani hadi mwaka 1955. Akacheka. Aristarchus, akasema, kapewa uwanja wa ndege. Pythagoras kapewa mji mzima, tena na sanamu.