Siku Moja Maishani Mwangu: Kuchora Ubavu wa Bawa la Ndege, Fuoni

Saa 12 asubuhi

Karakana yetu iko Fuoni, Unguja, na saa hizi jua linaingia kwa dirisha la mashariki likiwa chini kabisa, mwanga wake unalala juu ya ubao. Ndiyo maana nawahi mara tu baada ya sala ya alfajiri. Mwanga wa mchana huficha mengi. Huu wa asubuhi unaonesha kila kivimbe cha rangi na kila mkwaruzo.

Leo nachora ubavu wa bawa, yaani kiunzi chembamba cha mbao kinacholipa bawa umbo lake, kwa kipimo chake kamili. Ndege ni ya mbao, ya viti viwili, bawa lake linapita juu ya vichwa vya abiria. Anayeijenga ni ami yangu, fundi ndege mstaafu. Mie ni seremala niliyesoma uchoraji wa kiufundi, na tangu aniite kwenye kazi hii sijapata nyengine ninayoipenda zaidi. Bawa lina upana ule ule, wa mbele hadi nyuma, kutoka shinani hadi nchani, kwa hiyo mchoro mmoja utazaa kalibu moja, na mbavu zote 26 zitatoka humo. Mstari ukikaa vibaya leo, utakaa vibaya mara 26.

Sichori kwenye karatasi. Nachora juu ya plaiwudi ya milimita 18 niliyoipiga vanishi pande zote mbili pamoja na kingo zake, kisha rangi nyeupe. Karatasi hunywa unyevu wa hewa ikatanuka, na hutanuka upande mmoja zaidi ya mwengine. Ikitanuka kwa 0.2% tu, ubavu wa milimita 1500 umeshaongezeka milimita 3. Hapa kisiwani, kati ya masika na kaskazi, karatasi ile ile hukupa vipimo viwili. Kompyuta naitumia kuhakikisha hesabu, lakini mchoro uliochapishwa mjini siuamini mpaka niupime kwa urefu na kwa upana, maana rola za mashine huweza kuuvuta upande mmoja. Anayetaka kuchapisha na achore kwanza mstari wa milimita 1000 kila upande, kisha aupime kwa rula ya chuma kabla hajakata hata kipande.

Saa 1 asubuhi

Mstari mkuu, kutoka ncha ya mbele hadi ncha ya nyuma. Nimevuta mshipi mwembamba wa kuvulia kati ya misumari miwili, nikatia nukta chini yake kila baada ya shubiri, kisha nikaziunganisha kwa penseli ngumu iliyochongwa kama patasi. Skwea nimeikagua kwa pembetatu ya 300, 400 na 500 kabla ya kusimamisha mistari ya wima.

Vituo, yaani mahali pa kutia alama za umbo, vyote hupimwa kutoka sifuri moja, ncha ya mbele. Ukipima kutoka kituo hadi kituo, kila kosa dogo linabeba la nyuma yake. Rula inalala mahali pamoja, inabanwa, na alama zote zinatiwa bila kuisogeza.

Saa 2 asubuhi

Chai, mkate wa kumimina, na jedwali. Umbo tulilochagua ni NACA 4412, kutoka kamati ya Marekani ya mambo ya ndege iliyotangulia NASA. Ripoti yao ya mwaka 1933 ilitoa maumbo 78 yaliyopimwa kwenye handaki la upepo, na namba zake bado zinajenga ndege hadi leo. Tarakimu zenyewe zinaeleza umbo: 4 ya kwanza ni mpindo mkubwa kabisa, 4% ya upana, 4 ya pili ni mahali mpindo huo ulipo, 40% kutoka mbele, na 12 ni unene, 12%.

Jedwali limeandikwa kwa asilimia, kwa hiyo kila namba naizidisha kwa 15 kupata milimita. Kituo cha 5% kiko milimita 75 kutoka mbele, juu 4.73% ni milimita 70.95, chini 2.49% ni milimita 37.35. Kituo cha 10%: juu 98.85, chini 42.9. Kituo cha 40%: juu 147, chini 27. Kijana anayejifunza kwangu anasoma kwa sauti, mie natia alama, kisha tunabadilishana na kusoma upya toka mwisho kurudi mwanzo. Anauliza kwa nini vituo vimesongamana mbele, 1.25, 2.5, 5, 7.5, na nyuma vimeachana kwa 10. Namwambia aangalie mstari wenyewe: mbele unageuka ghafla, nyuma unakwenda karibu moja kwa moja. Nukta zinahitajika pale mstari unapogeuka.

Saa 4 asubuhi

Sasa ufito. Ni ukanda wa msindano wenye nyuzi zilizonyooka, hauna fundo, nimeupiga randa mpaka unapinda sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Naulaza juu ya nukta na kuushikilia kwa vizito vya risasi, sio kwa misumari, maana msumari humlazimisha ufito na kizito humruhusu ajitafutie njia.

Mafundi wa majahazi wa Nungwi ndio walionifundisha kutazama ufito: unainama, jicho moja unalifumba, unautazama kwa urefu wake toka nchani, na tumbo la nusu milimita linajitokeza mbele yako kama kilima. Kwenye jahazi wao hupandisha mbao za nje kwanza, mataruma yakachongwa baadaye kuzifuata. Kwenye bawa mpango ni kinyume. Mbavu hutangulia, ngozi hufuata, na kosa la ubavu halina pa kujificha.

Alama ikikaa nje ya ufito, nani anasema kweli? Hapa watu wengi hukimbilia upande mmoja. Mie naanza na hesabu. Jedwali limeandikwa hadi 0.01%, ambayo kwa upana wetu ni milimita 0.15. Ufito ukipita mbali na alama kwa chini ya hapo, naufuata ufito, kwa sababu hewa inajali ulaini wa mstari. Alama ikiwa nje kwa nusu milimita, jedwali haliwezi kuwa limekosea kiasi hicho. Alama ndiyo inayorudiwa kupimwa, na ufito unasubiri.

Saa 5 asubuhi

Pua. Hapa ndipo nusu ya akili yangu ya leo inapokwenda.

Ufito hauwezi kuzunguka ncha ya mbele, kwa hiyo pua huchorwa kwa duara. Kwa umbo hili nusu-kipenyo chake ni 1.58% ya upana, kwetu milimita 23.7. Kosa la kawaida ni kuweka kitovu cha duara kwenye mstari mkuu wenyewe. Kitovu hukaa juu zaidi ya hapo, kwenye mstari unaotoka ncha ya mbele na kupanda 1 kwa kila 5. Nauchora mstari huo, napima 23.7 juu yake, nachoma bikari hapo, nazungusha. Duara linagusa ncha ya mbele kisha linapokewa na ufito juu na chini bila kona.

Ami ameingia wakati nafuta vumbi la penseli.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam, ami. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Pua imefika wapi?"

Nikamwonesha. Akapitisha kidole juu ya mstari, akatoka nje kuiangalia ndege ndogo iliyokuwa inashuka kuelekea uwanja wa Kisauni, akarudi. Alichosema nakiandika kwa sababu ndicho kinachonifanya nisiharakishe. Bawa la kulia na la kushoto yakitofautiana pua, ndege ikipunguza mwendo bawa moja litaacha kubeba kabla ya jengine, na ndege italala upande huo, mara nyingi karibu na ardhi, wakati wa kutua. Kwa hiyo pua zote lazima ziwe sawa, na ziwe sawa kuanzia hapa ubaoni.

Saa 7 mchana

Sala, wali kwa samaki wa nazi, mkeka. Jasho la mkono haliendani na ubao mweupe.

Saa 8 na nusu mchana

Ngozi. Kutoka ncha ya mbele hadi mhimili wa mbele, boriti inayopita ndani ya mbavu kwa urefu wa bawa, bawa litavikwa plaiwudi ya milimita 1.5, nyuma ya hapo ni kitambaa. Mstari niliochora asubuhi ni uso wa nje wa bawa, kwa hiyo mbao ya ubavu kwenye pua lazima irudi ndani kwa milimita 1.5. Unene huo hupunguzwa kwa kuelekea moja kwa moja ndani ya mpindo. Ukiupunguza wima, kule nyuma hutaona tofauti, lakini kwenye pua, ambako uso umesimama, utakuwa hujapunguza karibu kitu. Nafungua bikari milimita 1.5, natembea juu ya mstari nikichora vijiduara vilivyokaribiana, kisha ufito mwembamba unavigusa vyote kwa ndani.

Kisha mihimili miwili: wa mbele kwenye 15%, milimita 225, na wa nyuma kwenye 60%, milimita 900. Kwenye 15% bawa lina kimo cha milimita 161.55. Ila mhimili wetu una unene wa milimita 20, na hapo mgongo wa bawa bado unapanda, kwa hiyo uso wake wa nyuma uko juu kuliko wa mbele kwa kama milimita 4. Aliyechukua kipimo cha katikati tu atakuta mbao inachomoza mbele na kuacha pengo nyuma. Nachora nyuso zote mbili na kichwa cha mhimili kikiwa na mteremko wake.

Saa 10 alasiri

Vipande vya ndani, vya milimita 6 kwa 6, vya wima na vya mshazari. Mistari ya katikati ya vipande vinavyokutana inapita kwenye nukta moja, la sivyo kila mzigo utakuwa unaipinda fito ya juu ya ubavu, ule ukanda wa mbao unaofuata mgongo wake, badala ya kuivuta au kuisukuma. Kijana amechora nusu ya nyuma mwenyewe, na mistari yake imekutana vizuri. Nimemwachia pia kupanga mahali pa vibao vidogo vitakavyobana fito ndani ya kalibu, akiacha nafasi ya vipande vya plaiwudi vitakavyogundishwa kwenye kila kiungo. Juu ya mchoro tutatandaza nailoni ili gundi ya epoksi isishike ubao.

Saa 11 na nusu jioni

Kupima upya kila kituo, safari hii kwa rula nyengine. Kisha nikaandika pembeni kwa wino: NACA 4412, upana 1500, uso wa nje na uso wa mbao kwa rangi mbili tofauti, tarehe, na jina la aliyechora. Ndege hii haitaruka bila idhini ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, na mkaguzi ana haki ya kuona ubavu ulitoka wapi.

Ami ameusoma mchoro kwa miwani yake, akaomba hesabu ya kituo cha 2.5% irudiwe mbele yake. Juu 50.85, chini 29.25. Akatia saini chini ya jina langu. Kesho tunachana mbao za 6 kwa 6 na kuloweka ncha za mbele za fito za juu, ili zikubali kupinda kufuata pua.