Siku Tuliyolipalia Tanuri

Namba ya mwisho niliyoiona kwenye kisanduku cha kuonyesha joto la tanuri ilikuwa 546. Kisha kisanduku kikawa cheusi, feni ikasita, na redio ya jirani ikakatika katikati ya neno. Ilikuwa tarehe 10 Disemba 2009. Kukatika umeme Unguja si habari, kwa hiyo nilikaa pale uani, Kikwajuni, nikisubiri kama kila mtu alivyosubiri. Hakuna mtaani aliyejua kwamba njia ya baharini inayotuletea umeme kutoka Bara imeharibika kule Fumba, wala kwamba tungekaa kiza miezi mitatu.

Ndani ya tanuri mlikuwa na mitalawanda miwili ya kioo.

Ile ya asili, viatu vya mti, ilikuwa ya bibi mzaa baba. Shangazi aliihifadhi chini ya kitanda, imefungwa kanga, na aliponiazima alinipa masharti: isilowe, isitobolewe, isivuke mlango wa nje. Nikaichukulia kalibu, nikamimina nta ya nyuki, nikapata mitalawanda ya nta yenye hata mikwaruzo ya nyayo za bibi. Hiyo nta nikaizika ndani ya plasta iliyochanganywa na unga wa silika, nusu kwa nusu. Plasta ilipokaza, nikaitoa nta kwa mvuke wa birika, ukabaki uwazi mtupu wenye umbo la kiatu.

Kioo kilitoka kwenye chupa za bia, za kijani, nilizookota nyuma ya hoteli. Shangazi nilimwambia ni za soda, Mungu anisamehe. Zote zilikuwa za aina moja, maana chupa za viwanda viwili hazitanuki wala kunywea sawasawa. Ukizichanganya, umbo linaweza kupasuka lenyewe hata likiwa limetulia kabatini. Kiasi nilikipima kwa maji. Niliukandamiza mtalawanda wa nta ndani ya ndoo iliyojaa hadi ukingoni, nikapima maji yaliyomwagika, nikazidisha uzito wake kwa mbili na nusu, kwa kuwa kioo cha chupa kina uzito wa mara mbili na nusu ya maji. Ikaja kama kilo moja na nusu kila mguu. Vigae nikavitia ndani ya vyungu vya maua vyenye tundu chini, nikavipachika juu ya kalibu, vidondoke polepole vikishayeyuka.

Kupandisha moto hadi karibu nyuzi 900 hakukunisumbua. Kilichoninyima usingizi ni kushuka. Kioo kinene kikipoa haraka, ngozi yake hukaza huku moyo wake ungali moto, na ule mvutano hubaki ndani ukingoja siku ya kukipasua. Ndiyo maana hukituliza kwanza kwenye nyuzi 550 hivi, mpaka joto lilingane kote, halafu ukakishusha kidogo kidogo. Unene ukizidi mara mbili, muda huzidi mara nne. Stanislav Libenský na Jaroslava Brychtová, wale Wacheki mume na mke waliofanya vinyago vya kioo virefu kuliko mtu, walikuwa wakiacha kazi tanurini kwa wiki kadhaa zipoe. Mimi nilihitaji siku mbili na nusu tu. Lakini mtalawanda una ubaya wake. Chini ni nene kama mkate, na juu umesimama msuruaki, wenye shingo ya kushikwa na vidole viwili vya mguu. Shingo ile hupoa mwanzo.

Nikaanza kuzunguka uani.

"Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia," akasema shangazi. "Kuna nini humo?"

"Mitalawanda, shangazi. Ikipoa haraka inapasuka."

"Basi si uipalie?"

Nikacheka. Nikamwambia hili tanuri la umeme, si sufuria ya mkate wa kumimina. Akaniuliza lina kifuniko au halina. Nikasema linacho.

"Basi."

Tukalipalia. Lilikuwa na miguu ya chuma, tukasukuma chini yake sinia mbili za makaa. Juu ya kifuniko tukatandaza majivu kisha makaa, na pembeni tukapanga makumbi ya nazi, ambayo hufukuta tu bila kutoa ndimi za moto. Upande mmoja hatukuufikia. Tanuri lilikuwa karibu mno na ukuta, na kwa moto ule hakuna ambaye angethubutu kulisogeza.

Tulikesha. Shangazi alikalia mbuzi ya nazi kama kiti, akichochea kwa koleo, akisimulia bila kuulizwa. Bibi alikuwa akiamka kabla ya adhana kwenda kutia udhu, na watoto walijua kumekucha kwa ko, ko, ko ya mitalawanda sakafuni. Aliyetaka kuendelea kulala alijifunika gubigubi mlio usimfikie, kwani ukisimama mlangoni mwako, umekwisha. Mimi sikumdiriki bibi. Usiku ule ndipo nilipojua nilichokuwa nikikifinyanga kwa wiki sita.

Kwenye saa nane hivi nikasikia harufu ya plastiki. Kisanduku cha namba! Hakuna kati yetu aliyekumbuka kukifungua.

Siku ya tano tukafungua. Plasta ilimeguka kwa kijiti. Mtalawanda wa kulia ukatoka mzima, kijani kizito hata ukidhani ni mweusi, mpaka uuinue kwenye mwanga. Ulikuwa na utando mweupe kama ukungu, kwa sababu kioo cha chupa kikikawia motoni huota fuwele usoni. Wanaonunua hawaupendi utando huo. Mimi sikuusugua. Wa kushoto nao ukatoka, msuruaki ukabaki ndani ya plasta, umekatika shingoni.

Shangazi akauokota, akautia kati ya kidole gumba cha mguu na cha pili, akautazama.

"Huu ulikuwa upande wa ukutani."

"Ndiyo."

"Nilikwambia ulisogeze."

"Hukuniambia, shangazi."

"Nilikuwa nataka kukwambia."

Ule mzima niliuuza baadaye, nami hadi leo sijui kama nilifanya vyema. Uliovunjika aliukataza usitoke. Upo chini ya kitanda, ndani ya kanga ile ile, pamoja na ya mti.

Umeme uliporudi Machi 2010, watoto wa mtaani walipiga kelele mpaka wakakauka sauti. Nikakimbilia uani nikabonyeza swichi. Hata taa haikuwaka. Nyaya zilikuwa zimeungana bonge moja na plastiki. Shangazi akanyanyua kifuniko, akachungulia, akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa na kapu la makumbi, akayamimina yote ndani, mahali pakavu, akafunika.