Treni za Chini ya London: Shimo Ndilo Linaloamua

Safari yetu ilianzia makumbusho ya usafiri ya London, pale Covent Garden, kwa sababu nilitaka kwanza kuliona behewa la mwaka 1890. Ni la reli ya City and South London, iliyopitisha treni za umeme ndani kabisa ya udongo wa jiji. Ni behewa jembamba lenye benchi mbili ndefu zinazotazamana. Mito ya mgongoni imepanda hadi karibu na dari, na juu yake kuna vidirisha vidogo tu. Waliolibuni waliona madirisha ya nini, na nje ni giza. Majina ya vituo yalitangazwa na mfanyakazi wa treni kwa sauti yake. Abiria wa enzi hizo walilifananisha na chumba cha kufungia wagonjwa wa akili. Nilipolitazama niliwaelewa.

Lakini udogo ule haukutokana na ubahili. Handaki lilichimbwa kwa kipenyo cha mita 3 na ushei, treni ikalazimika kuenea humo.

Behewa jekundu la 1938, nalo limo humo makumbusho, ndilo zuri kuliko yote niliyoyaona. Treni zilizotangulia zilibeba mitambo nyuma ya dereva, ikila nafasi ya abiria; wahandisi wa 1938 waliishusha yote chini ya sakafu. Handaki ni lilelile, watu wakapata viti zaidi. Baadhi ya treni hizo zilifanya kazi Kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, hadi Januari 2021, kwa kuwa paa la handaki la mji wa Ryde kisiwani humo liko chini mno kwa treni za kawaida.

Shangazi, anayeishi huko miaka mingi, alinipeleka kituo cha Charing Cross tukapanda reli ya Bakerloo. Treni zake ni toleo la 1972, kongwe kuliko zote zinazobeba abiria chini ya London. Milango imejipinda kufuata paa la mviringo, hivyo mtu mrefu akisimama hapo huinamisha kichwa. Upepo huingia kwa vidirisha vya mwisho wa behewa pamoja na kelele inayokata mazungumzo. Na joto lile! Udongo wa mfinyanzi unaozunguka mahandaki umenyonya joto la treni kwa zaidi ya karne moja. Viti ni laini, lakini sakafu na jukwaa havilingani.

"Mimi, mwanangu, treni naipima kwa magoti," shangazi aliniambia.

Kwa kipimo hicho, reli ya Elizabeth tuliyoipanda Paddington haina mpinzani. Ilifunguliwa Mei 2022, na mahandaki yake yana kipenyo cha mita 6.2. Treni ina mabehewa 9, urefu wa zaidi ya mita 200, na unaweza kutembea toka mwanzo hadi mwisho bila kufungua mlango. Katikati ya jiji sakafu iko sawa na jukwaa. Shangazi aliingia bila kunishika mkono.

Farringdon tulibadilisha treni kurudi Baker Street, na hapo ndipo nilipofurahi zaidi. Njia hiyo ni ya 1863, ya kwanza duniani chini ya ardhi, na leo inapita treni pana zenye kiyoyozi, zilizoanza kuingia kazini mwaka 2010. Imewezekanaje reli kongwe kuwa na ubaridi, na Bakerloo ya 1906 iungue? Ile ya 1863 ilichimbwa kwa kupasua barabara na kuifunika tena, kwa upana wa kutosha injini za mvuke. Waliokuja baadaye walichimba ndani zaidi, kwa wembamba zaidi.

Kwa ajili ya reli ya Piccadilly, kampuni ya Siemens imetengeneza treni zenye seti chache za magurudumu, nafasi iliyopatikana chini ya sakafu ikawekwa kiyoyozi. Ni akili ileile ya 1938. Abiria wa Bakerloo wanastahili treni kama hizo, na ningependa zianze kazi shangazi akiwa bado anasafiri.